Lenzi za Esta

Watu wengi wa Babati wa rika langu wana picha ya pasipoti ambamo wamekunja uso kama waliosingiziwa wizi. Aliyewakunjisha ni mtu mmoja. Studio yake ilikuwa kwenye mtaa unaoshuka sokoni, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la bluu, na mji mzima ulimwita Mzee wa Studio. Ukikaa kwenye stuli yake ukatabasamu, alishusha kamera akasubiri.

"Serikali haitaki meno yako," alisema.

Ukiacha kutabasamu alisubiri tena, mpaka uanze kujiuliza umekosa nini, ndipo akabonyeza. Nikiwa shule ya msingi niliamini kwamba huo ni utaratibu wa nchi nzima. Nilipofika chuo Dar es Salaam nikaona wenzangu wana picha za pasipoti zenye nyuso za kawaida, za watu waliolala vizuri, nikajua kwamba sisi wa Babati tulikuwa na sura iliyotoka kwa mzee mmoja.

Nilirudi nyumbani na shahada na bila kazi. Mama alikuwa na genge Bagara, na kila mteja aliyekuja kununua nyanya aliniuliza naanza lini kazi, kwa hiyo nikaanza kutoroka genge na kwenda kukaa studio. Mzee hakuuliza. Alinisogezea benchi, akaniita Msomi, na jina hilo halikuwa sifa.

"Msomi, hebu niambie. Huko chuo walikufundisha nini?"

"Kuuliza maswali, Mzee."

"Na majibu yanafundishwa chuo gani?"

Jirani yake, muuza vitenge tuliyemwita Baba Zuhura, alikuwa anacheka kutoka mlangoni kwake kabla hata utani haujaisha. Hao wawili walikuwa wamekaa mlango kwa mlango miaka mingi, mmoja akienda kanisani na mwingine msikitini, na sikuwahi kuwasikia wakizungumza jambo lolote bila kukejeliana.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Mzee wa Studio alimwambia kila mtu, hata mteja aliyekuja mara moja na hatarudi. Alisema ana lenzi, na lenzi hizo ni za Esta.

Esta ni binti yake wa pekee. Alikulia nyuma ya lile pazia, akijifunza kushika taa na kupanga watu wafupi mbele. Alipomaliza sekondari alikwenda Mwanza kwa shangazi yake, akapata kazi kwenye duka la dawa, akabaki huko. Mzee hakukubali kwamba amebaki. Alisema yuko safarini. Siku atakapomaliza atarudi kuchukua studio, na atazikuta lenzi zake.

"Akimaliza nini?" niliuliza.

"Akimaliza."

"Kwani ana mkataba?"

"Wewe una maswali kama karani wa sensa," alisema. Kisha akageukia ukuta, ambako kulikuwa na picha za watu wasiokuja kuchukua picha zao. "Studio siyo hii mnayoiona. Hii ni ya kulia ugali. Studio yenyewe iko sandukuni."

Lenzi hizo alizinunua miaka ile mkoa ulipokuwa mpya. Akizungumzia kipindi hicho, mgongo wake ulinyooka. Maofisi yalikuwa yanafunguliwa, wageni wanashuka kwenye mabasi na masanduku yao, kila karani na kila mwomba kazi anataka picha nne za pasipoti leo, siyo kesho. Foleni ilipita duka la Baba Zuhura, na Baba Zuhura anakiri kwamba aliuza leso nyingi kwa watu waliokuwa wanasubiri na kutoka jasho. Wakati huohuo studio za Arusha zilikuwa zinafunga, kwa sababu dijitali imeingia na filamu imekufa. Mzee alipanda basi akaenda kununua kwa wenzake vile walivyokuwa wanavitupa. Alirudi na lenzi nne za mtumba, zote za chuma, zote zisizovuta: huwezi kusogeza mtu karibu kwa kuzungusha, unakwenda wewe mwenyewe kwa miguu.

Hilo la miguu lilikuwa dini yake. "Lenzi inayovuta inamfanya mtu mvivu na mwongo," alisema. "Umesimama barabarani, unaonekana kama uko chumbani kwa watu. Isiyovuta inakulazimisha uende, ubishe hodi, uombe." Kuhusu ile ya milimita hamsini alisema hiyo ndiyo jicho la binadamu lenyewe.

Nilimbishia. Nilimwambia jicho la binadamu linaona upana mkubwa kuliko hamsini, na kwamba hayo ni maneno ya wauzaji. Nilimwambia pia kwamba kuisifu lenzi isiyovuta kwa sababu haivuti ni kama kusifu baiskeli kwa sababu haina injini.

"Baiskeli haiishiwi mafuta," alisema Baba Zuhura.

"Wewe nyamaza, uza vitenge," Mzee alimjibu, lakini alikuwa amefurahi.

Kilichonikera siyo mahubiri. Kilichonikera ni kwamba mhubiri mwenyewe alikuwa anapiga kila kitu, pasipoti, komunio, harusi, na watoto wa kule Mutuka waliovalishwa mashati makubwa, kwa kikamera kidogo cha dijitali kinachovuta, chenye plasta ubavuni. Lenzi zisizovuta zilikuwa nyumbani kwake Singe. Sikuwahi kuziona. Mtu pekee aliyeziona ni Baba Zuhura, siku zile zilipofika, na anasema zilinukia mafuta ya cherehani.

Nilimuuliza kwa nini hazitumii.

"Nizitumie kwenye vumbi hili?"

Vumbi alilichukia kama mtu anavyomchukia ndugu aliyemdhulumu. Kiangazi, upepo ukivuma, alimwaga maji mlangoni asubuhi, mchana na jioni. Printa aliifunika mfuko wa nailoni. Wateja aliwaambia wakung'ute viatu kabla ya kupita pazia, na mwalimu mkuu mmoja alirudi nyumbani bila picha kwa sababu alikataa. Hata hivyo mzee huyohuyo alikula karanga juu ya meza ya kazi na kupangusa kioo cha kamera kwa pindo la shati.

Nilipofika nyumbani kwake mara ya kwanza, nilielewa kidogo. Sebuleni kulikuwa na kabati la vioo lenye seti ya vikombe vya maua, na sahani zake, na birika lake, ambavyo marehemu mke wake alivinunua kwa ajili ya wageni. Nilikuwa mgeni. Nilipewa chai kwenye kikombe cha plastiki cha kijani. Sikushangaa, kwa sababu hata kwa Mama kuna kabati kama hilo, na mimi nimekua nikinywea bati huku vikombe vizuri vinanitazama kupitia kioo. Kila nyumba ninayoijua Babati ina kitu cha namna hiyo: blanketi ambalo halijatoka kwenye mfuko wake, kiti kilichovikwa kitambaa, redio ambayo watoto hawaruhusiwi kuigusa. Tunaishi na vibaya, vizuri tunamwekea mgeni. Nimewauliza watu wengi huyo mgeni ni nani, na hakuna aliyenijibu. Mama yangu aliniambia nitaelewa nikiwa na nyumba yangu. Mzee wa Studio, yeye, alikuwa na jibu. Mgeni wake alikuwa na jina na alikuwa Mwanza.

Baadaye nikapata kibarua cha kuandika na kupiga picha kwa shirika dogo la wakulima, na kwa malipo ya kwanza nikanunua kamera. Ilikuwa ya mtumba, ya mwandishi wa habari aliyekuwa anaacha kazi, aina ambayo wenyewe wanaiita fulufremu, maana kihisi chake, kile kinachopokea mwanga, kina ukubwa uleule wa kipande cha filamu ya zamani. Niliipata bila lenzi. Nilikuwa nimesoma kwamba kamera hizo zinapokea lenzi za zamani bila kukata kingo za picha, ukiweka tu adapta katikati, na kwamba vijana wasio na uwezo wa lenzi mpya duniani kote wanafanya hivyo. Nikaagiza adapta. Kisha nikaenda studio na kamera yenye tundu wazi kifuani, nikaiweka mezani.

Mzee aliitazama. "Hii inatafuta mtu," alisema.

"Niazime moja tu, Mzee. Ile ya hamsini."

"Ni za Esta."

Niliomba tena wiki iliyofuata, na mwezi uliofuata. Nilijaribu hoja zote nilizofundishwa. Nilimwambia kitu kisichotumika hakina tofauti na kitu kisichokuwepo. Alinisikiliza vizuri sana, akaniambia nimpishe mteja.

Kilichomgeuza hakikutoka kwangu. Mwezi wa tisa Esta alimpigia simu akasema atakuja Disemba, na kwamba atakaa kidogo. Hakusema zaidi ya hapo, nilimuuliza Mzee mara kadhaa maneno yenyewe yalikuwa yapi. Lakini yeye alikuwa ameshaamua maana yake. Alipaka rangi ukuta wa studio. Alimwambia Baba Zuhura amtafutie pazia jipya. Alizungumza juu ya kubadilisha jina kwenye kibao, liwe la binti. Halafu Jumamosi moja mchana akafunga mapema, akaniambia, "Msomi, chukua hiyo kamera yako. Twende tukazijaribu, asije akazikuta zina kutu."

Sanduku lilikuwa la bati, chini ya kitanda, na juu yake kulikuwa na blanketi mbili. Alilivuta mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Ndani kulikuwa na nguo za marehemu, na katikati ya nguo, vimefungwa kwa kitenge, vifuko vinne vya ngozi. Kila kifuko kilikuwa ndani ya nailoni, na kila nailoni imefungwa kwa mpira. Dawa ya nondo ilitupiga puani. Alivifungua mezani kimoja baada ya kingine, polepole, na nakiri kwamba mikono yangu ilikuwa inawasha.

Niseme kwanza uzuri, kwa sababu ulikuwepo. Lenzi za siku hizi nilizowahi kushika ni nyepesi kama chupa tupu. Hizi zilikuwa na uzito wa kitu kilichofikiriwa. Namba zilichongwa kwenye chuma na kujazwa rangi, siyo kuchapishwa. Ile ya thelathini na tano pete yake ilizunguka laini, kama kijiko kwenye asali. Ya mia na thelathini na tano ilikuwa ndefu na ina kofia yake ya kuzuia jua, ya kuvuta mbele. Niliifunga ya hamsini kwenye adapta, ikaingia, ikalia tiki, na kwa mara ya kwanza kamera yangu ilionekana kama kamera.

"Nipige," alisema Mzee. Alikaa kwenye kochi, mkono mmoja gotini. Hakukunja uso.

Niliangalia kwenye kioo nikalenga. Sura yake ilikuja, lakini haikufika. Nilizungusha pete huku na huku. Ilikuwa kama kumtazama mtu kupitia maji ya mchele. Nikapiga, nikaangalia: dirisha nyuma yake lilikuwa limevimba na kumwagikia bega lake, na mahali pa macho palikuwa na vivuli viwili.

Nikasema labda ni mimi. Nikafunga ya thelathini na tano. Vilevile. Nikafunga ya themanini na tano, ambayo ilikuwa afadhali katikati, kingo zote zimekufa. Ile ndefu sikuipiga hata picha. Nilikwenda nayo dirishani, nikawasha tochi ya simu nyuma yake, nikachungulia.

Kati ya vioo, mahali ambapo kitambaa hakifiki, kulikuwa na nyuzi nyembamba nyeupe zilizotambaa kutoka ukingoni kwenda katikati, zikagawanyika, zikagawanyika tena, kama mizizi ya nyasi. Zote nne zilikuwa nazo.

"Vumbi?" aliuliza Mzee.

"Hapana."

"Haiwezi kuwa vumbi. Vumbi halikuingia humo."

"Siyo vumbi, Mzee. Ni kuvu."

"Kuvu ni ya mkate."

Nikamwambia ninachokijua. Kwamba kuvu inataka giza, unyevu na hewa iliyotulia. Kwamba ngozi inashika unyevu wa masika, na nailoni haiuachii. Kwamba ikishakaa inatoa tindikali na kula kioo, kwa hiyo hata ukiisafisha, alama haiondoki. Nilisema yote hayo kwa sauti ya mtu anayetoa mhadhara. Ndiyo sauti niliyo nayo.

Alichukua ile ndefu na tochi yangu, akachungulia mwenyewe, kwa muda mrefu, jicho moja limefumbwa.

"Hiyo kamera yako ni ya mtumba," alisema.

"Huoni kwa kamera sasa hivi, Mzee. Unaona kwa jicho."

Aliishusha. "Kwa hiyo ningeziacha mezani? Kwenye upepo?"

"Ungezitumia. Lenzi inayotoka nje mara kwa mara, inayopata mwanga na hewa, haishikwi hivi."

"Na vumbi?"

"Vumbi linakaa juu. Linapanguswa."

"Ningepigia hata pasipoti?"

"Hata pasipoti."

Alizirudisha kwenye vifuko vyake, akaanza kuzifunga kwenye nailoni, akafika ya pili akaacha. Aliniomba niende. Alisema kichwa kinamuuma, na jua la Singe siku hizi ni kali.

Baba Zuhura, aliyekwishasikia habari kwa Mzee, aliniuliza kama kulikuwa na haja ya kusema. Alinisimamisha mlangoni kwake Jumatatu, studio ikiwa imefungwa, na safari hii hakucheka.

"Ungemwambia zina vumbi kidogo."

"Esta angezifunga kwenye kamera Disemba akaona."

"Angekuwa ni Esta ameona. Siyo wewe umesema."

"Tofauti ni nini, Baba Zuhura?"

"Sasa ona, unauliza," alisema, akaingia ndani.

Bado sioni kwamba nilipaswa kusema uongo. Lakini Mzee niliyezoea kuketi naye kwenye benchi hakuwa yule tena. Alifungua studio siku kadhaa baadaye, akapiga pasipoti, na mteja aliyetabasamu aliachwa atabasamu. Kibao hakikubadilishwa. Pazia jipya lilikaa kwenye mfuko wake juu ya kabati. Hatukuzitaja lenzi, na mambo mengine yote tuliyokuwa tukibishania yalionekana kuwa yalikuwa yanazizunguka hizo.

Novemba nilipata kazi ya mkataba Dodoma. Jumapili kabla ya kuondoka nilikwenda Singe kumuaga. Nilimkuta nyuma ya nyumba amekaa kwenye kigoda, bado ana shati la kanisani. Mbele yake alikuwa ametandika mkeka, na juu ya mkeka, uchi, bila vifuko, zilisimama zile lenzi nne zikitazama juu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Huyu mwenye vitenge ameniambia jua linaua kuvu. Ni kweli?"

"Kuvu linaiua. Alama zinabaki."

"Nilijua utasema zinabaki."

Nilikaa chini pembeni ya mkeka. Upepo ulikuwa unavuma kutoka mashambani, na vumbi jekundu lilikuwa linatua juu ya vioo. Hakulipangusa. Simu yake ikalia kwenye mfuko wa shati; Esta alimpigia kila Jumapili. Alikuwa hasikii vizuri sikio moja, kwa hiyo aliweka sauti ya nje kama alivyozoea, na mimi sikuwa na pa kwenda.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Umesali?"

"Nimesali. Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chakula."

Esta alicheka. Nyuma yake kulikuwa na kelele za barabara, pikipiki na watu wanaoitana. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo analoliuliza siku zote, "Na lenzi zangu hazijambo?"

Mzee alinitazama. Nilitazama mkeka.

"Zimekufa, mama," alisema. "Zimeliwa na kuvu sandukuni. Zote. Niliziweka vibaya."

Kule Mwanza kelele za barabara zikapungua, kama amesogea pembeni.

"Najua, Baba," alisema Esta.

"Nani kakwambia?"

"Nilikuwa kidato cha tatu. Ulikwenda msibani Mutuka, nikazitoa nizichezee. Niliona zina utando ndani. Nikazirudisha."

"Kidato cha tatu."

"Ndiyo."

"Hukusema."

"Ulikuwa unazifurahia sana, Baba. Ningeanzia wapi?"

Mzee alihesabu kitu moyoni, midomo ikitikisika. Sikujua kama ni miaka au ni Jumapili.

"Na umekuwa ukiniuliza," alisema.

"Nauliza kwa sababu ukinijibu hilo, sauti yako inachangamka. Ukinijibu mengine yote unakuwa kama umechoka."

"Na Disemba?"

"Nakuja. Nakuja kukuona."

"Kuniona mimi."

"Wewe, Baba."

"Siyo studio."

"Siyo studio," alisema Esta, taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo wa mwingine.

Mzee aliinama, akaichukua lenzi ya hamsini kutoka mkekani, akaigeuza ili upande wa pili nao upate jua, akaisimamisha tena mahali pake.

"Haya," alisema kwenye simu. "Sasa Jumapili ijayo utaniuliza nini?"